Hedifoni za zamani zinapopoteza sauti: kutafuta chanzo katika kiwambo, koili na vitulizaji

Hedifoni nzuri za zamani, zile zilizoundwa kati ya miaka ya 1960 na 1990 kwa ajili ya studio na wapenzi wa muziki, bado huonekana katika nyumba za Lamu. Nyingine huachwa na wageni wenye nyumba Shela, nyingine huletwa na jamaa walioko Ghuba au Ulaya, na nyingine zimekaa kabatini miaka mingi pamoja na deki ya kanda. Zinapofika kwa fundi huwa tayari zimeshahukumiwa kwamba spika imekufa. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka. Katika hedifoni za daraja hili sumaku na koili ndizo zinazodumu. Vinavyooza kwanza ni karatasi, felti, sponji na gundi zilizowekwa ili kukituliza kiwambo, navyo vikishaoza sauti hubadilika kiasi kwamba mwenye hedifoni haitambui tena. Maelezo yafuatayo yanakwenda dalili kwa dalili, lakini yote yanashikilia jambo moja: vitulizaji vichunguzwe kabla spika haijalaumiwa.

Spika yenyewe ilivyo

Umbo la spika ya hedifoni halijabadilika sana tangu Eugen Beyer wa Berlin alipotoa DT 48 mwaka 1937. Mbele kuna kiwambo, ambacho katika hedifoni nyingi ni utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele, wenye kuba katikati na pete ya mikunjo kandokando. Pale kuba inapokutana na pete pamegundishwa koili ya waya mwembamba mno, nayo koili hiyo imening'inia ndani ya mwanya wa sumaku bila kugusa ukuta wowote, huku nafasi iliyobaki kila upande ikiwa ni sehemu tu ya milimita. Mkondo wa umeme ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, kiwambo huifuata, na hewa iliyo mbele ya sikio hutikisika.

Hayo wengi wanayafahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba kiwambo kisipozuiwa na kitu kina masafa yake ya asili, yaani kasi yake yenyewe ya kutetemeka, na kila kinaposukumwa hupenda kuyarudia. Ni kama bembea: ukiisukuma mara moja na kuiacha, itaendelea kwa mwendo wake wenyewe, si kwa mwendo ulioutaka wewe. Katika hedifoni nyingi za koili masafa hayo huangukia kwenye besi, mara nyingi karibu na hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, mahali ambapo mdundo wa ngoma na nyuzi nene za udi zinaishi. Kiwambo kisichotulizwa hukirefusha kila kilicho karibu na hapo na kukifanya kiwe kikubwa kuliko kilivyorekodiwa.

Wahandisi hulidhibiti jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hewa. Nyuma ya spika huachwa matundu, na juu ya matundu hubandikwa karatasi maalumu, kitambaa laini au felti ambayo hewa hupita kwa shida. Kiwambo kinaporudi nyuma hulazimika kuisukuma hewa kupitia kwenye vinyweleo hivyo, nguvu yake huishia kwenye msuguano, na mtetemo hufa mapema. Njia ya pili ni ya umeme. Koili inapotembea ndani ya sumaku huzalisha volti yake yenyewe inayopinga mwendo, na upinzani huo hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo amplifaya ina ukinzani mdogo kwenye tundu lake la kutolea sauti. Kwa hiyo hedifoni ileile yaweza kuwa tulivu kwenye amplifaya moja na yenye mvumo kwenye nyingine, bila kitu chochote kuharibika.

Kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, yenye omu 2,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na sponji za manjano, iliacha mgongo wazi na kuitumia sponji yenyewe kama sehemu ya utulizaji. AKG K240 ya miaka ya 1970, ile inayoitwa Sextett, iliizungushia spika moja viwambo 6 vidogo visivyo na koili, ambavyo hutikiswa na hewa tu. Yamaha HP-1 ya mwaka 1976 haikutumia koili ya kuning'inia kabisa: waya wake umechapwa juu ya kiwambo chenyewe, nacho kimewekwa kati ya sumaku mbili zenye matundu. Fundi anapaswa kujua ameshika mtindo gani kabla ya kuchukua bisibisi, kwa sababu kinachoonekana kuwa uchafu nyuma ya spika huenda ndicho kitulizaji.

Hewa ya pwani inavyoshambulia

Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu unapopita takriban asilimia 75, na Lamu hiyo ni hali ya asubuhi nyingi, hasa wakati wa masika. Vumbi la chumvi lililotua kwenye plagi au kwenye maungio ya lehemu huwa maji ya chumvi usiku na kukauka mchana, na mzunguko huo huila shaba hadi ikatoa kutu ya kijani. Chuma kinachozunguka sumaku nacho hufanya kutu, na kutu huvimba na kuubana mwanya ambao tangu mwanzo ulikuwa mwembamba.

Sponji ina adui wake wa pekee. Sponji nyingi za zamani ni za poliyurethani ya aina ya esta, ambayo minyororo yake ya kemikali hukatwa na maji. Katika joto na unyevu wa hapa sponji hiyo hugeuka unga au utomvu unaonata hata kama hedifoni haikuwahi kutolewa ndani ya sanduku lake. Unga huo huanguka moja kwa moja juu ya kiwambo. Kwa hiyo hedifoni ambayo mwenyewe anasema ni mpya kwa sababu haikutumika yaweza kuwa imeoza zaidi ya ile iliyovaliwa kila siku na kubadilishiwa sponji.

Kabla ya kufungua chochote

Hedifoni ijaribiwe kwanza kwenye chombo kingine, na chombo chake kijaribiwe kwa hedifoni nyingine. Halafu mwenyewe aivae kinyume, upande wa kulia uende sikio la kushoto. Ikiwa sauti ndogo imebaki kwenye sikio lilelile, tatizo si la hedifoni wala la amplifaya, na hapo panahitajika daktari wa masikio badala ya fundi. Hili hutokea zaidi ya watu wanavyotaka kukubali, na ni vyema kulisema kwa adabu.

Hatua inayofuata ni mita. Pima omu kati ya ncha ya plagi na shina lake, kisha kati ya pete ya plagi na shina. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana, na ziwe karibu na kiwango kilichoandikwa kwenye hedifoni: 300 kwa Sennheiser HD 580 au HD 600, 600 kwa K240 ya zamani. Upande usiosoma kitu umekatika mahali fulani. Upande unaosoma sifuri umegusanisha waya. Ukiukunja waya taratibu kuanzia kwenye plagi hadi kwenye kikombe huku ukiitazama mita, namba itaruka pale penye mkato. Mita yenyewe hupeleka mkondo mdogo, kwa hiyo utasikia mlio mfupi wa spika kila ncha zinapogusa. Ukisikia mlio huo pande zote mbili na namba zikawa sawa, umeshajua kwamba koili zote mbili ziko hai, na kuanzia hapo hakuna tena sababu ya kusema kwamba spika imekufa.

Upande mmoja kimya, au unakuja na kwenda

Anza na plagi na vishimo vya waya kwenye vikombe. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti huondoa kutu nyepesi ya kijani. Iliyoingia ndani ya plagi haiondoki, na plagi ibadilishwe. Waya hukatika zaidi sehemu mbili, pale unapotoka kwenye plagi na pale unapoingia kwenye kikombe, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku.

Kama waya ni mzima, fungua kikombe na upime kwenye vichuma viwili vya spika yenyewe. Mita ikisoma vizuri hapo, kosa liko nje ya spika. Isiposoma, chukua lenzi na utazame ncha za waya wa koili zinapofika kwenye vichuma. Mkato mwingi hutokea hapo hapo, milimita chache kutoka kwenye lehemu, ambapo chumvi imeula waya. Mkato wa nje namna hii hutengenezeka: varnishi ikwanguliwe kwa uangalifu, kipande cha waya mwembamba kiunganishwe kama daraja, na lehemu iguswe kwa sekunde moja tu kwa sababu fremu ya plastiki huyeyuka upesi. Zipo koili za alumini, nazo hazishiki lehemu ya kawaida. Jambo jingine ambalo wengi hulijua likishatokea ni kwamba ncha ya chuma cha kulehemu huvutwa na sumaku ya spika. Mkono ukiwa mlegevu, ncha huruka na kutoboa kiwambo. Mkono uegemezwe mezani, na kiwambo kifunikwe kwa kipande cha kadi ngumu kabla moto haujasogezwa.

Mkato ulio chini ya kiwambo hautengenezeki nyumbani. Hapo inatafutwa spika ya kubadilisha, na ni vizuri zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa viwandani spika zilikuwa zikipimwa na kuchaguliwa kwa jozi.

Mkwaruzo au mnguruno

Mkwaruzo unaotokea kwenye noti fulani tu, na unaobadilika hedifoni inapotikiswa, kwa kawaida ni unywele. Unywele mmoja wa kichwa ukipenya kwenye wavu na kulala juu ya kiwambo hutoa mlio unaofanana kabisa na wa spika iliyopasuka, na watu wametupa hedifoni za thamani kwa sababu ya unywele. Toa mto wa sikio na sponji ya mbele, elekeza taa kwa mshazari, na utauona uking'aa. Utolewe kwa kona ya tepu iliyosokotwa au kwa ncha ya brashi laini sana. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hutua juu ya kiwambo, na usitumie pampu, kwa sababu nguvu yake hukikunja kiwambo.

Unga wa sponji iliyooza hufanya mkwaruzo wa namna nyingine, mzito zaidi na wa kudumu. Ukiwa mkavu hutoka kwa brashi. Ukiwa umenata, ni heri ubaki kidogo kandokando kuliko kusugua kuba. Spiriti iguse pete ya nje tu, kwa tone dogo.

Chembe za chuma ni balaa zaidi. Sumaku huzivuta kutoka mezani, na zikishaingia ndani ya mwanya hukwaruza koili katika kila sauti. Kwa hiyo spika isifunguliwe kamwe kwenye meza ambayo tupa au msumeno wa chuma umefanya kazi, hata kama imefutwa. Tandika karatasi safi, na bisibisi zipanguswe kwanza. Mchanga wa vilima vya Shela hauvutwi na sumaku lakini ni mgumu na mdogo, na hedifoni iliyovaliwa ufukweni ichukuliwe kuwa inao.

Ili kutofautisha mkwaruzo wa koili na ule wa kitu kilichokaa juu, tumia programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua, na upandishe taratibu kutoka hezi 30 hadi 200 kwa sauti ndogo. Unywele na vumbi hulia katika sehemu fulani na kunyamaza kwingine. Koili inayogusa ukuta hulia zaidi katika masafa ya chini kabisa, ambapo kiwambo husafiri mbali, na mkwaruzo wake hubadilika ukiigeuza spika ikatazama juu, chini au kando. Ikiwa mwanya umebanwa na kutu, hakuna dawa.

Kuna dalili moja inayotisha bure: mlio mfupi wa karatasi hedifoni inapovaliwa au kubanwa. Huo ni hewa iliyofungiwa kati ya mto na sikio ikikisukuma kiwambo. Kama husikii kitu wakati muziki unacheza, acha.

Besi imetoweka

Bana vikombe vyote viwili kwa viganja kwa nguvu kidogo. Besi ikirudi, hewa inavuja, na spika haina kosa. Mito ya ngozi bandia hupukutika na kupasuka katika unyevu huu, na katika hedifoni zilizofungwa nyuma ufa mdogo kuliko kidole unatosha kuiondoa besi yote. Ushungi unaopita chini ya mto hufanya vivyo hivyo, na pia miwani yenye mikono minene. Kofia haina madhara kwa sababu iko juu ya masikio. Hedifoni zilizo wazi nyuma hazidhuriki sana na uvujaji huu, ila nazo hupoteza kitu.

Mafundi wa viatu wanaweza kushona mito mipya ya ngozi, na kazi yao huwa ya kudumu kuliko mito ya kuagiza. Lakini watolewe vipimo vya mto wa asili, kimo na upana wa tundu, kwa sababu kuisogeza spika milimita chache kutoka sikioni hubadilisha sauti za juu.

Kama besi imepungua na muziki unaonekana kutawanyika bila kuwa na katikati, waya wa upande mmoja umeunganishwa kinyume. Hili hupatikana zaidi katika hedifoni zilizowahi kutengenezwa.

Besi inavuma, noti zote zinafanana

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo utulizaji unapoonekana wazi. Dalili ni kwamba kila mdundo una mkia, noti za chini haziachani, na sauti ya mwimbaji imefunikwa kwa kitu kizito. Mzee mmoja wa Mkomani, msikilizaji wa kanda za marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarabu, aliieleza vizuri alipoleta hedifoni yake ya omu 600.

"Mwanangu, ngoma imepanda juu ya kila kitu. Udi siusikii vidole tena."

"Ni pande zote mbili, mzee, au mmoja?"

"Mmoja. Wa kushoto."

Mita ilisoma sawasawa pande zote, kwa hiyo koili zilikuwa salama. Kikombe cha kushoto kilipofunguliwa ilionekana pete ya karatasi nyeupe nyuma ya spika ikiwa imeachia kwa karibu theluthi ya mzunguko wake. Gundi ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kupasukapasuka kama ganda. Hewa ilikuwa ikipita bila kizuizi pale palipoachia, na kiwambo kilikuwa hakina kinachokizuia. Upande wa kulia karatasi ilikuwa bado imeshika, ingawa ukucha ulipoipitia kandokando ilitoa sauti kavu ya gundi iliyokaribia kuachia. Karatasi zote mbili zilibandikwa upya, na udi ukarudi.

Utaratibu wa kazi hii ni kama ufuatao. Gundi ya zamani ikwanguliwe ikiwa kavu, na mabaki yafutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kuilowanisha karatasi. Gundi mpya ipakwe nyembamba ukingoni tu. Ikiingia kwenye vinyweleo vya karatasi, sehemu hiyo imezibwa milele. Gundi ya mpira inafaa, mradi iachwe wazi hadi harufu yake iishe kabla kikombe hakijafungwa. Supagluu isitumike, kwa sababu mvuke wake hutua kwenye plastiki na kuacha ukungu mweupe mgumu, na kiwambo chenye ukungu huo hakirudi kama kilivyokuwa.

Karatasi ikiwa imeharibika kabisa, swali huwa ni kuiweka nini mahali pake. Wengi hutazama unene, na hilo ni kosa. Kinachotafutwa ni ukinzani wa hewa. Weka kipande cha upande mzima midomoni na uvute pumzi kupitia kwacho, kisha ujaribu kile unachotaka kukitumia. Midomo hutambua tofauti ndogo kuliko macho. Katika vitu vinavyopatikana madukani hapa, tepu ya karatasi ya hospitalini, ile inayoshikilia bandeji, ndiyo iliyo bora: ina vinyweleo, ni nyepesi, haichuruziki, na huongezwa tabaka kwa tabaka. Anza na moja kila upande, sikiliza mlio wa hezi 100 na muziki unaoujua, kisha uongeze. Ukizidisha, besi hukonda na muziki hukosa uhai, kwani kiwambo sasa kinabanwa badala ya kutulizwa. Kila unachofanya upande mmoja kifanyike na upande wa pili kwa kipimo kilekile.

Kwenye K240 yenye viwambo 6 vya ziada, vitazamwe kimoja kimoja. Kilichoachia gundi huwa tundu la kuvuja, na kilichokakamaa hakifanyi kazi yake. Ama kwa namna moja au nyingine, mizani ya besi huharibika.

Pamba au sufi iliyojazwa kikombeni ni kitu tofauti na karatasi ya nyuma ya spika, na haiwezi kushika nafasi yake. Kazi yake ni kuzima sauti zinazorukaruka kati ya spika na ukuta wa kikombe. Kikombe chenye kina cha sentimita 4.5, katika joto la nyuzi 30 ambapo sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, hurudisha mwangwi wenye nguvu karibu na hezi 3,900, mahali ambapo sikio ni kali. Huo hauna uhusiano na besi. Sufi ya msufi inafaa kuliko pamba kwa sababu nyuzi zake zina nta na hazinywi maji, ila ni lazima ifungwe ndani ya kitambaa cha shashi, la sivyo nyuzi zake zitaishia juu ya kiwambo na utarudi kwenye sura ya mkwaruzo.

Ikiwa vitulizaji vyote ni vizima na mvumo upo pande zote mbili kwa usawa, tazama amplifaya. Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na omu 100 au zaidi kwenye tundu la hedifoni. Hedifoni kama HD 600, ambayo omu zake 300 hupanda hadi karibu 500 kwenye masafa yake ya asili, itaongezewa takriban desibeli 1 tu ya besi na tundu la omu 120, kiasi ambacho wengi hawatakitambua. Hedifoni ya omu 32 inayopanda hadi 60 itaongezewa takriban desibeli 4 na tundu hilohilo, na hizo zinasikika hata na asiye na mazoea. Kwa maneno mengine, hedifoni za omu nyingi ziliundwa kwa ajili ya vyombo vya aina hiyo, na kuzilaumu kwa mvumo huku ukisahau chombo ni kuwatafuta samaki nchi kavu.

Sauti za juu zinachoma

Kwa kawaida mtu amesafisha sponji iliyooza mbele ya spika na hakurudisha nyingine. Sponji hiyo, au duara la felti, lilikuwa sehemu ya hesabu. Rudisha sponji nyembamba yenye matundu wazi, ya aina ya poliyurethani ya etha ikiwezekana, kwani hiyo huvumilia unyevu zaidi. Sponji ya godoro ni nzito mno.

Sauti ndogo pande zote mbili

Mara nyingi si ugonjwa. Simu inayotoa volti 1 hupeleka chini ya miliwati 2 kwenye omu 600, wakati huohuo ikipeleka karibu miliwati 31 kwenye omu 32. Hedifoni ya studio ya zamani inahitaji amplifaya. Dhana kwamba sumaku imechoka kwa uzee haina msingi katika hali nyingi. Sumaku isiyopigwa na joto kali hudumu kuliko mwenyewe.

Hedifoni zisizo na koili ya kuning'inia

Kwenye zile za mtindo wa HP-1 na za Fostex zinazofanana nazo, waya uliochapwa juu ya kiwambo hauna pa kukwaruza, lakini felti inayofunika matundu ya sumaku huoza au huliwa na wadudu, na mvumo hujitokeza kama ilivyoelezwa. Dawa ni ileile ya kupima kwa pumzi na kuongeza tabaka. Kiwambo chenyewe kisifunguliwe. 

Zile za umemetuli, ambazo Stax ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1960, ni suala jingine. Kiwambo chake hushikilia chaji inayotokana na volti 230 katika mitindo ya zamani na 580 katika ya baadaye, na unyevu wenye chumvi huivujisha chaji hiyo. Dalili yake ni upande mmoja kufifia taratibu baada ya dakika kadhaa, au mchirizo mwembamba wa sauti unaozidi usiku. Chombo cha kuzilisha umeme kisifunguliwe na asiyezoea umeme wa volti kubwa. Hedifoni yenyewe iwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na mifuko ya silika jeli iliyokaushwa, zile chembe zinazonyonya unyevu, ikae siku kadhaa, kisha ijaribiwe mchana wa kaskazi hewa ikiwa kavu. Ikipona na kuugua tena masika, unyevu ndio chanzo, na ihifadhiwe humo ndooni kila isipotumika, huku silika jeli ikikaushwa upya inapobadilika rangi. Isipopona hata hewa ikiwa kavu, tabaka linaloshikilia chaji juu ya kiwambo limechakaa, na hilo hutengenezwa na aliye na vifaa vya kukiwamba upya.